Presha ya siku nyingi na mimba: dawa, vipimo na magadi kwenye mboga

Kama ulikuwa na presha kabla ya kushika mimba, au ilipimwa ikafika 140/90 kabla ya wiki ya 20, usingoje tumbo litokeze ndipo uanze kliniki. Nenda mara tu unapokosa hedhi, na ubebe dawa zako zote.

Soma pakiti. Ukiona enalapril, lisinopril, captopril, losartan au telmisartan, mwone daktari wiki hiyo hiyo akubadilishie, maana dawa hizi huumiza figo za mtoto na kukausha maji yanayomzunguka. Usiziache tu ukakaa bila chochote. Zinazotumika ni methyldopa (wengi huiita Aldomet), labetalol, au nifedipine ya kuyeyuka polepole. Hiyo ya mwisho humezwa nzima. Ukiivunja au kuitafuna, dawa yote hutoka kwa mpigo mmoja na presha huporomoka. Methyldopa huleta usingizi siku za mwanzo.

Uliza pia aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, kuanzia wiki ya 12. Inapunguza hatari ya presha kugeuka kuwa ile inayomwaga protini kwenye mkojo na kuishia kifafa cha mimba. Ukipewa kalsiamu, itenganishe na vidonge vya damu kwa saa mbili, kwani huzuiana tumboni.

Miezi ya kati ndiyo huwahadaa wengi. Mishipa hulegea, presha hushuka yenyewe, mama anaona 118/74 na kuweka vidonge kabatini. Miezi mitatu ya mwisho inapanda tena. Daktari anaweza kupunguza dozi, wewe usijipunguzie. Lengo ni kukaa chini ya 140/90. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2022, wenye wajawazito zaidi ya 2,400, ulionyesha kwamba kutibu hadi hapo kunapunguza madhara bila kudumaza mtoto.

Kupima nyumbani kuna utaratibu wake. Tumia mashine ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Kojoa kwanza, chai na kahawa ziwe zimepita nusu saa. Keti dakika tano ukiegemea, nyayo sakafuni, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, kimya. Pima mara mbili, dakika moja katikati, uandike namba zote na saa. Mkanda mdogo wa mashine kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo. Ukilala ubavu wa kushoto ukapimwa mkono wa kulia, unapata ndogo ya uongo, na hii ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inakutuliza. Huna mashine? Mwulize mhudumu wa afya wa kijiji. Mikoba waliyopewa na serikali ya Kenya 2023 ina mashine ya presha.

Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapa magadi husahaulika. Mrenda na kunde zikitiwa magadi zinaongeza sodiamu hata kama ulimi hauonji chumvi. Lainisha mboga kwa maziwa au njugu iliyosagwa. Omena ni nzuri, mifupa yake ina kalsiamu. Ioshe kwa maji moto na uache vile vidonge vya mchuzi.

160/110 ikirudia baada ya dakika 15 ni safari ya hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo kichwa kisichosikia panadol, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla, damu, au mtoto kupunguza kucheza. Elekea penye chumba cha upasuaji, kama hospitali ya rufaa ya Jaramogi Kisumu au ile ya kaunti Nakuru, na ubebe kitabu cha kliniki. Namba ya mwenye gari iwe kwenye simu mapema. Bodaboda haimfai mtu anayeweza kupata degedege njiani.

Kujifungua mara nyingi hupangwa kati ya wiki ya 37 na 39. Ukisharuhusiwa kwenda nyumbani, endelea kupima: presha hupanda zaidi siku ya 3 hadi ya 6 baada ya kujifungua. Methyldopa kwa kawaida hubadilishwa baada ya kujifungua kwani inaweza kuleta huzuni, na enalapril iliyokatazwa awali sasa inaruhusiwa hata ukinyonyesha. Kabla ya kutoka wodini, uliza njia ya kupanga uzazi isiyo na homoni ya estrojeni.