Kupiga Video ya Mruko Bila Kuifuta Hatari Yake

Anayetazama michezo ya hatari anataka kujua kama kweli mtu amefanya. Pamba video upendavyo, mradi usimnyime jibu hilo. Hivi ndivyo ninavyopiga mruko wa baiskeli ya milimani.

1. Pita njia kwa miguu kwanza. Muulize mwendeshaji anaanzia wapi, anatua wapi, na ni wapi panamtia hofu. Pale anapopaogopa ndipo kamera ikae. Kubalianeni ishara ya kusimamisha. Na usimwombe arudie mruko kwa sababu tu picha yako haikutoka vizuri.

2. Chagua pembe isiyodanganya. Lenzi pana mno hulaza mteremko, na kupiga kutoka juu kwa droni huondoa kina. Mimi husimama pembeni, nje kabisa ya njia yake, chini kidogo ya usawa wa rampu (kilima anachorukia), na ndani ya fremu naacha mti au mtu ili urefu upimike kwa macho. Kinyume chake, kuinamisha kamera ili mlima uonekane mkali zaidi ni uongo, nami siukubali. Kamera ya pili ifunge kifuani badala ya kwenye helmeti: mikono inayopambana na usukani itaonekana.

3. Acha mwendo uonekane. Kwa fremu (picha) 50 kwa sekunde, weka shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, 1/100 ya sekunde. Ukungu mdogo unaobaki ndio unaoonyesha kasi. Shata 1/2000 hugandisha kila kokoto na baiskeli huonekana kama imesimama. Jua likiwa kali, funga kichujio cha kupunguza mwanga. Kituliza mtikisiko kiweke chini, maana kikifanya kazi yote, njia ya mawe hugeuka lami.

4. Rekodi sauti ya pale pale. Tega kinasa sauti chenye kifuniko cha manyoya karibu na mahali pa kutua. Matairi yanakwaruza, yanaachana na ardhi, kimya kinaingia, kisha kishindo na pumzi inayomtoka. Muziki ukifunika hapo, umetupa sehemu bora ya video.

5. Kata kwa uangalifu. Mruko mzima ukae katika shoti moja, tangu anapoanza kukimbilia rampu mpaka anapoendelea na safari baada ya kutua. Ukikata akiwa hewani, watu watashuku umeunganisha miruko miwili, hata kama hukufanya hivyo. Onyesha kwanza kasi halisi, ndipo urudie polepole. Fremu 120 kwa sekunde zikichezwa kwa 25 kwa sekunde hurefusha sekunde moja kuwa karibu tano, na kwa utulivu huo jambo gumu huonekana jepesi. Rangi na mwanga rekebisha bila wasiwasi. Akiwa ameanguka kabla ya kufaulu, mwombe ruhusa uliache anguko hilo.

6. Mwonyeshe mwendeshaji video kabla ya kuirusha. Akisema pale palikuwa pakali kuliko panavyoonekana, tafuta shoti nyingine kwenye ulizorekodi. Akisema hapakuwa pakali kiasi hicho, ondoa ulichoongeza.