Hasira dhidi ya wasomi waliberali Marekani: jinsi ya kuifanyia kazi

Mwaka 2015, kura ya maoni ya Gallup ilikuta asilimia 56 ya wafuasi wa chama cha Republican wana imani kubwa na vyuo vikuu. Kufikia 2023 walibaki asilimia 19. Wahafidhina wengi hawakuhitaji takwimu kulijua hilo. Walishamsikia Barack Obama mwaka 2008, mbele ya wachangiaji wake San Francisco, akisema watu wa miji iliyopoteza ajira hung'ang'ania bunduki na dini. Mwaka 2016 Hillary Clinton akawatia nusu ya wafuasi wa Donald Trump kwenye kapu la watu wasiofaa. Dharau inauma, tena hii si ya kubuni. Lakini ukiijibu kwa kelele, anayekudharau hapotezi kitu. Hutikisika pale uamuzi wake unapochunguzwa, unapopingwa kwa utaratibu na kiti chake kinapogombewa.

Anza kwa kuandika lalamiko lako kwa sentensi moja: nani aliamua, aliamua nini, lini, na kwa mamlaka gani. "Shule zinapotosha watoto wetu" haitoshi, kwa sababu hakuna ofisi inayoweza kuijibu. "Machi iliyopita bodi ya shule iliidhinisha kitabu hiki kwa darasa la tatu bila kuwataarifu wazazi" inajibika. Ukishindwa kujaza sehemu hizo nne, huenda umekasirishwa na kipande cha video tu, si na uamuzi. Kiache.

Kisha tafuta nyaraka kabla ya kumtuhumu mtu. Sheria ya uhuru wa habari ya 1966 inahusu idara za serikali kuu pekee. Haigusi Bunge, mahakama wala shule ya mtaani kwako. Kwa shule, kaunti na chuo kikuu cha umma, tumia sheria ya jimbo lako, ambayo ina muda na ada zake. Idara ya serikali kuu ina siku 20 za kazi kukujibu. Mwombaji wa kawaida hupewa bure saa mbili za kwanza za utafutaji na kurasa 100 za kwanza. Ikikataa, lazima itaje kifungu inachotegemea kati ya vile tisa vya sheria hiyo vinavyoruhusu kukataa, nawe una angalau siku 90 za kukata rufaa.

Maombi mengi hufia hapa kwa kuwa mapana mno. Ukiomba "barua pepe zote kuhusu jinsia", utasubiri miezi na kuletewa makadirio ya gharama yasiyolipika. Taja vyeo viwili au vitatu, tarehe ya kuanzia na ya kuishia, na maneno machache ya kutafutia. Ongeza sentensi ya kutaka uarifiwe kabla gharama haijapita dola 25. Andika kwa adabu, maana anayeshughulikia ombi ni karani, na mara nyingi hakuhusika hata kidogo na uamuzi unaoupinga.

Mzazi ana nguvu ya ziada. Sheria ya 1974 ya kumbukumbu za elimu (FERPA) inampa haki ya kuona kumbukumbu za mtoto wake ndani ya siku 45, ingawa haki hiyo huhamia kwa mwanafunzi akifikisha miaka 18 au akiingia chuo. Juni 2025, katika kesi ya Mahmoud dhidi ya Taylor kutoka kaunti ya Montgomery, Maryland, Mahakama ya Juu iliamuru kwamba wakati kesi ikiendelea, wazazi wataarifiwe mapema na waruhusiwe kuwatoa watoto kwenye masomo ya vitabu vya hadithi vinavyokinzana na imani yao ya dini. Hukumu hiyo haikuamuru kitabu chochote kiondolewe shuleni. Wanaoichanganya na marufuku ya vitabu hushindwa hoja mapema. Mwandikie mwalimu mkuu kabla ya somo, taja kitabu, eleza msingi wa kidini, na utunze nakala.

Kwenye kikao cha bodi ya shule, dakika mbili au tatu ndizo utakazopata kwa kawaida. Jiandikishe mapema, kwa sababu bodi nyingi hufunga orodha kabla ya kikao. Dakika tatu zinatosha maneno 350 ya Kiingereza. Ukivuka hapo, kipaza sauti kitazimwa ukiwa bado hujafika kwenye ombi lako. Kwa hiyo tanguliza ombi, kisha ushahidi, na ukurasa wake. Bodi inaweza kukuwekea mipaka ya muda na mada, haiwezi kukunyamazisha kwa sababu ya msimamo wako. Mkienda kumi, kila mmoja abebe hoja yake. Atakayepiga kelele ndiye atakayekuwa habari ya kesho, na kile kitabu kitasahaulika.

Kanuni za serikali kuu zina mlango wake. Sheria ya 1946 ya utaratibu wa utawala huilazimu idara kupokea maoni ya umma kabla ya kutoa kanuni, mara nyingi kwa siku 30 hadi 60, kupitia tovuti ya regulations.gov. Maoni si kura: barua 5,000 zilizonakiliwa zina uzito mdogo kuliko moja inayoonyesha gharama halisi kwa biashara yako. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Loper Bright ya 2024 ilipofuta ile ya Chevron ya 1984, majaji hawalazimiki tena kukubali tafsiri ya sheria iliyotolewa na idara. Onyesha basi ni kifungu gani idara imekivuka. Hoja ambayo haikutolewa katika kipindi hicho ni vigumu kuitoa baadaye mahakamani.

Kazini uwe mwangalifu. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema, yanaifunga serikali, hayamfungi mwajiri binafsi.

Hatimaye, gombea. Katika chaguzi za bodi za shule mara nyingi hupiga kura watu wachache, hivyo majirani mia kadhaa waliotembelewa nyumba kwa nyumba wanaweza kuamua mshindi. Nenda ofisi ya uchaguzi ya kaunti, uliza tarehe ya mwisho ya kuwasilisha fomu na idadi ya saini za wapiga kura zinazohitajika, kisha kusanya saini zaidi ya hizo kwa theluthi moja, maana nyingi hukataliwa kwa anwani isiyolingana na daftari la wapiga kura.