Darasa la Tano kuwasomesha Darasa la Pili: namna ya kupanga

Mtoto anayekwama kwenye silabi hufunguka kwa kusoma kwa sauti huku anasikilizwa, na darasa likiwa na watoto 80 mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja. Mwanafunzi wa Darasa la Tano anaweza. Madrasa nyingi zinaujua utaratibu huu: mkubwa humsikiliza mdogo kwanza, ndipo mdogo aende kwa mwalimu.

Usichague vinara peke yao. Msomaji wa wastani naye hufaidika, kwa sababu hulazimika kuipitia hadithi kabla ya kuifundisha, na hapo huziba mapengo yake mwenyewe bila kuaibika mbele ya wenzake. Usichukue wanafunzi wa darasa la mtihani.

Panga dakika 20, siku 3 kwa wiki, barazani au chini ya mti, mahali mwalimu wa zamu anapowaona wote. Kila jozi iwe na kitabu kimoja, daftari, na kadi 20 za silabi zilizokatwa kwenye maboksi. Dakika 5 za kwanza ni za kadi: anza na ba, ke, mu; mwa, nya na ng'o zije baadaye. Dakika 10 mdogo asome. Zinazobaki, mkubwa aulize maswali 2 ya hadithi, kisha aandike maneno yaliyomshinda mdogo. Kipindi kijacho kianze na maneno hayo.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni mkubwa kuwahi kutaja neno. Mdogo huzoea kusubiri, akawa anaitikia tu kama kasuku. Kabla hamjaanza, wafanyishe wakubwa mazoezi ya nusu saa, mwalimu akijifanya mdogo anayekwama: mkubwa ahesabu kimya hadi 5, alifunike neno kwa kidole, alifunue silabi moja moja, ka-ra-ta-si, kisha mdogo alitamke lote kwa mkupuo. Asiyeunganisha silabi bado hajasoma, hata akizitaja zote sawasawa.

Wapo pia wanaokariri ukurasa mzima. Funika picha, uonyeshe maneno kuanzia mwisho wa mstari, aliyekariri atanyamaza.

Mkubwa akimcheka mdogo, mkanye siku hiyohiyo, akirudia, mwondoe. Ndugu wa nyumba moja usiwapange pamoja, ugomvi wa nyumbani huja nao.

Ijumaa mwalimu apitie madaftari. Neno lililowashinda wengi alifundishe darasa zima Jumatatu.