Namna ya Kuandaa Tathmini ya Nyurosaikolojia ya Mtoto na Kuyafikisha Majibu Yake Darasani

Tathmini ya nyurosaikolojia huchunguza jinsi ubongo wa mtoto unavyotekeleza kazi ambazo masomo huzihitaji, yaani kuwa makini, kukumbuka, kuelewa lugha, kupanga hatua na kufanya kazi kwa kasi inayotosha. Huombwa zaidi mtoto anapokuwa na kifafa, anapoumia kichwa, anapopona homa ya uti wa mgongo, au anapobaki nyuma darasani bila sababu inayoonekana. Picha ya ubongo haichukui nafasi yake, kwa sababu picha ya kawaida huonyesha umbo tu, wala haielezi kwa nini mtoto asomaye kwa sauti bila kukwama hushindwa kusimulia alichokisoma.

Kwanza mtoto apimwe macho na masikio, na usingizi wake uulizwe, kwani kutosikia vizuri au kukoroma usiku kucha huweza kuonekana kama uzembe. Mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache kisha kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea aonwe na daktari, maana huenda ni kifafa kisicho na mtukutiko.

Kisha andika swali unalotaka lijibiwe. "Ana shida shuleni" ni malalamiko, "kwa nini hujibu vizuri kwa mdomo lakini hamalizi mtihani wa kuandika?" ni swali linalomsaidia mtaalamu kuchagua vipimo. Ambatisha madaftari, ripoti za shule, historia ya ujauzito na uzazi, pamoja na orodha ya dawa. Taja pia lugha ambayo mtoto huitumia nyumbani, na uulize kama vipimo vimesawazishwa kwa watoto wa mazingira kama yake, kwa sababu anayepimwa kwa lugha asiyoimudu huweza kuonekana ana upungufu wa akili ilhali anachokosa ni msamiati.

Siku yenyewe awe amelala na kula vya kutosha, na avae miwani yake kama anayo. Dawa zake asiache kuzinywa ila kwa agizo la daktari. Usimfundishe maswali, mazoezi ya namna hiyo huharibu matokeo. Mweleze tu kwamba mengine yatakuwa rahisi, mengine magumu, na kwamba kazi itachukua saa kadhaa zenye mapumziko.

Ripoti ndipo wazazi wengi hupotea. Katika vipimo vingi vya uwezo wa akili wastani ni 100, na takriban theluthi mbili ya watoto huangukia kati ya 85 na 115. Ukiambiwa kuwa mtoto yuko kwenye nafasi ya 25 katika 100, maana yake ni kwamba amewapita takriban watoto 25 kati ya 100 wa rika lake, si kwamba amepata robo ya maswali. Alama ya jumla nayo huficha mengi: mwenye 115 katika lugha na 78 katika kasi haelezwi vyema na namba ya katikati, na kwa maoni yangu pengo hilo ndilo la kujadiliwa kabla ya jingine lolote.

Mwalimu apewe mapendekezo mawili au matatu yanayotekelezeka badala ya kurasa zote. Mwenye kasi ndogo aongezewe muda na apunguziwe kunakili ubaoni. Mwenye kumbukumbu ya muda mfupi iliyo dhaifu apewe maelekezo hatua kwa hatua, tena kwa maandishi. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma, afundishwe kwa utaratibu uhusiano wa sauti na herufi, kwani muda wa ziada peke yake haumfundishi kusoma. Kukaririshwa darasa bila kubadili namna ya kufundisha ni adhabu tu. Kubalianeni nani atafanya nini, na mtaonana lini kuangalia kama kuna mabadiliko.

Hifadhi ripoti yenye alama zote, si muhtasari peke yake, kwa kuwa mtaalamu atakayempima tena baada ya miaka miwili au mitatu atazihitaji ili kujua kama mtoto amesonga mbele au amerudi nyuma.