Bia ya Dhahabu Inapotoka Kahawia: Namna ya Kutafuta Chanzo

Bia iliyokusudiwa kuwa ya rangi ya dhahabu inapoonekana kama chai ya mkandaa, kwanza ichote kidogo katika glasi nyembamba na kuitazama mbele ya karatasi nyeupe, kwa sababu kinywaji kilichojaa ndoo ya lita 20 huonekana kimekoza kuliko kilivyo. Tena hamira ikishatuama, chembe zilizokuwa zikitawanya mwanga huondoka, na bia ileile huonekana nyeusi zaidi kuliko juzi ilipokuwa imetibuka. Wengine safari yao huishia hapo, kwani hakuna kosa la kurekebisha.

Ikiwa hata ndani ya glasi ni kahawia, swali la kujiuliza ni rangi hiyo iliingia lini, kabla ya kutia hamira au baada yake. Kwa sababu hiyo mimi huandika daftarini rangi ya maji ya kimea, yaani maji matamu yatakayochacha kuwa bia, yakiwa yamepoa, kabla ya hamira kuyagusa.

Kama yalikuwa meusi tangu wakati huo, kwa hapa Mtwara ningeanza kushuku rojo ya kimea, yaani maji ya kimea yaliyokaushwa mpaka yakawa mazito kama asali, kabla ya kitu kingine chochote. Shayiri hailimwi katika pwani yetu. Rojo ninayoitumia husafiri kutoka Dar es Salaam kutwa nzima katika buti la basi, kisha hukaa kabatini chini ya bati. Sukari na asidi za amino zilizomo huendelea kuungana hata kopo likiwa limefungwa, ndiyo kazi ileile inayoyapa maandazi rangi, na joto huiharakisha. Kijiko kimoja kikikorogwa katika glasi ya maji ya uvuguvugu kitakuonyesha hali yake kabla hujawasha jiko. Rojo iliyokaushwa kabisa ikawa unga hudumu zaidi, ila kwa unyevu wetu isipofungwa barabara hugeuka jiwe.

Mshukiwa wa pili ni moto. Niliwahi kumimina rojo yote katika sufuria iliyokuwa juu ya jiko la mkaa, ikazama kabla sijaikoroga, na baadaye nikalazimika kukwangua kwa kisu ukoko mweusi wenye ukubwa wa kisahani. Tangu siku hiyo huepua sufuria, nikakoroga mpaka mwiko usiguse chochote kizito chini, ndipo nikairudisha jikoni. Inafaa pia kutia nusu ya rojo mwanzoni na nusu iliyobaki katika dakika 15 za mwisho kati ya 60 za kuchemsha. Anayechemsha lita chache kisha akaongeza maji baadaye ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, kwa kuwa sukari iliyosongamana hukoza upesi.

Wanaoloweka kimea wenyewe badala ya kutumia rojo wachunguze pia maji, kwa maana maji ya kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe huwa na chokaa, nayo hukamua rangi na ukakasi kutoka kwenye maganda. Maji ya mvua yaliyokingwa katika tangi safi, kama wafanyavyo watu wa uwanda wa Makonde, yana chokaa kidogo mno.

Kama rangi ilibadilika baada ya bia kuchacha, chanzo ni hewa. Kila aliyekamua mabibo ameona jinsi juisi inavyogeuka kahawia ikiachwa wazi. Bia huchukua siku au wiki, lakini sababu inashabihiana. Usiimimine kwa kuirusha, bali ihamishe kwa mpira unaofika chini ya chombo, acha nafasi ya sentimita 2 au 3 tu shingoni mwa chupa, na baada ya gesi kujaa iweke mahali penye baridi.

Bia iliyokwisha kukoza haiwezi kung'arishwa. Ikiwa rangi ilitokana na rojo au moto na ladha haina uchungu wa kuungua, inafaa kunywewa. Ikiwa inanuka boksi lililoloa, hewa imeshaiharibu, nami huimwaga.