Kabla hujaushika Yeremia 29:11, isome barua yote

Wapendwa, kila mwaka mpya ukifika naukuta Yeremia 29:11 kwenye stetasi za watu, kwenye kalenda, hadi kwenye keki za sendofu. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Naupenda sana, na kuna kipindi niliushika miezi kadhaa nikisubiri majibu ya usaili, kazi nikakosa, nikabaki najiuliza Mungu kaniacha au imani yangu ndo ndogo. Kumbe nilikuwa nausoma vibaya. Ngoja nieleze ninavyofanya siku hizi.

Kwanza rudi mwanzo wa sura, anzia mstari wa 1. Namba za sura na mistari Yeremia hakuziweka yeye, ziliwekwa karne nyingi baadaye ili tusipate shida kutafuta, kwa hiyo zisikukatishie mazungumzo. Hapo juu unakuta hii ni barua, nabii Yeremia yuko Yerusalemu anawaandikia Wayahudi ambao Nebukadreza, mfalme wa Babeli, amewachukua mateka Babeli. Na barua isome kama barua: nani kaandika, kamwandikia nani, kimetokea nini mpaka akaandika.

Hali ya siku zile utaiona sura ya 28 na hapa wengi wetu hatufiki. Hanania, mtu aliyejiita nabii, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatabiri kwamba ndani ya miaka 2 mateka watarudi, akaichukua na ile nira Yeremia aliyoivaa shingoni kama ishara ya kuwa chini ya Babeli, akaivunja watu wanaona. Sasa fikiria wewe ndo uko Babeli, umeacha nyumba na ndugu, habari kama hiyo si ungeishangilia! Lakini barua ya Yeremia inasema jengeni nyumba huko huko, pandeni bustani, oeni, waozeni watoto wenu, uombeeni mji huo amani, maana ni miaka 70. Hiyo 70 iko mstari wa 10, ndo unafuata wa 11 tunaoupenda. Yaani mtu mzima aliyesomewa ile barua alijua kabisa yeye atazikwa Babeli, kurudi watarudi watoto na wajukuu. Hanania mwenyewe alikufa mwaka uleule.

Pili angalia maneno, taratibu. Kiswahili kinatusaidia hapa, imeandikwa "ninyi" siyo "wewe", na Kiebrania nacho ni wingi, ahadi ni ya taifa zima siyo ya mtu mmoja na usaili wake. Alafu neno amani. Kiebrania ni shalom, ni zaidi ya kutokuwa na vita, ni hali ya mambo kuwa sawa, uzima, ustawi. Neno hilohilo liko mstari wa 7 kwenye kuuombea mji wa Babeli, Mungu anawaambia mji ukipata amani na ninyi mtapata, na huo ni mji wa waliowateka!

Tatu, hapo sasa ndo uje kwako. Tenganisha kilicho chao na kinachotuhusu wote. Miaka 70 na kurudi Yerusalemu ni vyao, na vilikuja kutimia, soma Ezra 1 Koreshi mfalme wa Uajemi anapowaruhusu. Kinachotufikia sisi ni kwamba Mungu hawasahau watu wake hata wakiwa mahali wasipopachagua, na kumsubiri siyo kukunja mikono. Hilo lilinigusa kweli, maana kipindi kile nilikuwa nimesimamisha hadi kabiashara kangu kadogo nikingoja simu, wakati barua ileile inasema pandeni bustani.

Jioni hii jaribu na Wafilipi 4:13, ule wa "nayaweza mambo yote". Anzia mstari wa 10 mpaka wa 20, pitia na sura ya 1 ujue Paulo alikuwa wapi, halafu andika pembeni hayo "mambo yote" yake yalikuwa mambo gani.