Mshikie mtoto kalamu: kuandika hadithi za watoto wa miaka 3 hadi 6 maktabani

Mtoto wa miaka 4 hawezi kuandika, ila kusimulia anaweza. Maktaba inaweza kumshikia kalamu. Njia hii ilienezwa na Vivian Gussin Paley, mwalimu wa chekechea wa Chicago, na haihitaji zaidi ya mkeka, karatasi za A4 na mtu mwenye subira.

Kusanya watoto 8 hadi 12, kwa dakika 45 hivi. Wasomee kitabu kimoja kifupi, kisha wape rangi wachore. Wakiwa wanachora, mwite mmoja akae ubavuni mwako, si mbele yako, aone kalamu inavyokwenda. Mwambie, "Nisimulie, nami nitaandika," halafu unyamaze. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Wengi wetu hatufiki hata tatu. Akikwama, sema "Kisha?" tu. Ukimuuliza simba alikuwa na rangi gani, umeshaigeuza hadithi kuwa mtihani, naye ataanza kutafuta jibu unalolitaka wewe.

Andika neno kwa neno, ukilitamka kila moja unapoliandika. Akisema "mbuzi yangu kaanguka", usiandike "mbuzi wangu ameanguka". Ukimsomea atagundua kuwa maneno si yake. Akichanganya Kidigo au Kisukuma, andika unavyosikia. Mwisho msomee yote, uulize "Ndivyo?" Akitaka kufuta, futa.

Ukomo uwe nusu ukurasa, la sivyo msemaji mmoja atamaliza muda wa wenzake. "Paka kapanda mti. Basi" nayo ni hadithi kamili, usimwombe aongeze.

Kisha duara. Mwenye hadithi asimame aseme "Paukwa!", wenzake waitikie "Pakawa!" Wewe unasoma, yeye anachagua nani awe paka na nani awe mti. Asiyetaka kuigiza aachwe atazame. Hadithi 2 au 3 zatosha kwa siku. Majina ya waliobaki yaandike kwenye orodha ya ukutani, na wiki ijayo uanze nao. Orodha isipofuatwa, wapole ndio wanaosahaulika.

Wazazi wakae kando, kwani "Sema vizuri!" moja ya mama inatosha kumfunga mtoto mdomo. Wape kazi ya kushona vitabu: karatasi 4 zilizokunjwa katikati, jalada la manila, matundu 3 kwenye mkunjo, uzi mnene. Jalada liwe na jina la kwanza la mtoto pekee. Kiingize kitabu kwenye rejista, kiweke rafu ya chini, kiazimwe kama vingine. Kikifungiwa kabatini, mtoto ataona kuwa ulikuwa mchezo wa wakubwa.

Na mtoto akisimulia kupigwa au kuguswa vibaya, hadithi hiyo haiigizwi wala haibandikwi. Usimhoji, wala usimwahidi siri. Andika maneno yake yalivyo, tarehe na saa, kisha piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, Tanzania na Kenya.